Mradi wa mgongo, Januari 2024 mpaka Machi 2025

13 Januari 2024

Leo sijaenda kazini na kesho sitoenda. Theluji imeshuka tangu jana, upepo umeisukuma mpaka imeziba mlango, asubuhi nikatoka na koleo nifukue gari la mama Salma, mara ya tatu au ya nne hivi nageuka kuitupa pembeni kitu kikanikamata kiunoni upande wa kulia kama nimepigwa rungu. Nikabaki vile vile nimeinama, kunyooka siwezi, kukaa siwezi, jasho linanitoka kwenye baridi ya chini ya sifuri. Mama Salma na kijana wetu wakanishika huku na huku wakaniingiza ndani hatua moja moja.

Naandika nikiwa nimelala chini kwenye kapeti, miguu iko juu ya kiti, ndo mkao pekee unaonipa nafuu. Hii ni mara ya 4 tangu 2019. Kila mara ni yale yale, nameza vidonge, napumzika wiki, napona, nasahau, alafu baada ya miezi unarudi na kila ukirudi unakaa siku nyingi zaidi. Nina miaka 46, nimeshika usukani wa magari makubwa miaka 22, kuanzia njia ya Tanga, Dar mpaka Tunduma hadi hizi barabara za Iowa hapa Marekani, na kazi nyingine sina. Safari hii nataka niufanye mgongo kuwa mradi, wenye tarehe na hesabu na daftari. Ndo hili hapa.

18 Januari

Kliniki ya kwanza ya kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono. Jina silitaji. Wakanipiga eksirei kabla hata mtu hajaniuliza naumwa wapi, alafu mhusika akaja na picha kwenye skrini kubwa akaniambia mgongo wangu ni wa mtu wa miaka 70, na nisipouwahi nitaishia kwenye kiti cha magurudumu. Dakika hiyo hiyo ikaletwa karatasi, mahudhurio 48, lipia yote mbele, ukisaini leo kuna punguzo, kesho hakuna. Mkono wake haujagusa mgongo wangu. Hajauliza kama mguu unakufa ganzi. Nikamwambia naenda kushauriana na mke wangu.

Nilikaa kwenye gari nusu saa nimewasha hita. Niliumia kuliko kiuno chenyewe, manake mtu mwenye maumivu makali anasaini chochote, na mimi kalamu nilishaishika. Najua vijana wawili wa kwetu hapa waliosaini kitu cha namna hii na bado wanalipa kila mwezi.

24 Januari

Kliniki ya pili, mke wa dereva mwenzangu ndo alinielekeza. Daktari ni mama wa makamo, ana mikono midogo. Kaniuliza maswali karibu dakika 40, mengine nilishangaa mbona anauliza. Mkojo unautawala? Choo kikubwa je? Kuna ganzi sehemu za katikati ya mapaja, pale unapokalia tandiko la baiskeli? Homa? Umepungua uzito bila sababu? Umewahi kuugua saratani? Mguu mmoja umelegea? Nikamuuliza yote ya nini, akanieleza kwamba jibu la ndiyo kwenye baadhi ya hayo ni la hospitali siku hiyo hiyo, hasa mkojo na ile ganzi, hapo mishipa ya chini ya uti wa mgongo inabanwa na ukichelewa haitarudi kama zamani, na kwamba mtu kama huyo yeye hampandishi kitandani kwake. Nimeandika hapa ili mtu wangu yeyote akisoma ajue hayo kabla ya kujua kitu kingine chochote.

Kisha akanilaza akainua mguu mmoja mmoja umenyooka, akagonga magoti kwa kinyundo, akanitembeza kwa vidole vya miguu na kwa visigino. Eksirei hakupiga, kasema kwa hali yangu haitabadilisha atakachofanya. Kanipa fomu iitwayo Oswestry, ya kupima mgongo unakuzuia kiasi gani, sehemu 10, kila moja unachagua sentensi inayokufaa, kubeba, kukaa, kusimama, kulala na kadhalika. Nikapata 22 kati ya 50, yaani asilimia 44. Kuanzia 41 mpaka 60 wao wanaita ulemavu mkubwa. Nililitazama lile neno muda mrefu.

Mpango wake: mara 6 ndani ya wiki 3, mwisho tunapima tena, kama hakuna mabadiliko ananipeleka kwa mwingine na mimi silipi zaidi. Hakuna kulipia mbele.

Alafu kazi yenyewe. Unalala ubavu wa kushoto, mguu wa chini umenyooka, goti la juu limekunjwa, mkono umekumbatia kifua. Yeye anasimama mbele yako, anakuvutia kwake kidogo mpaka unahisi kiuno kimekaza kama kamba iliyovutwa ikafika mwisho, kigasha chake kiko juu ya nyonga, anasema vuta pumzi, toa, na pumzi inavyoishia ndo anasukuma, msukumo mfupi sana hata nusu sekunde haufiki. Ikalia kwa! kama unavunja muhogo mkavu. Haikuuma. Nilipoteremka nikainama kufunga kamba za viatu, mara ya kwanza baada ya siku 11, nikakaa pale nimeshika kamba sitaki kuinuka.

Usiku maumivu yakarudi nusu yake. Alishaniambia yatarudi.

26 Januari

Nimempigia mama Tanga. Shikamoo mama, marahaba baba, hujambo, mgongo vipi. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, hicho si ndo alichokuwa akikifanya bibi yako na mafuta ya nazi? Alikuwa anawakanda mabaharia wote wa Ngamiani, na hela hachukui." Nikamwambia mama kukandwa na hiki vinakaribiana ila siyo kimoja, bibi alikuwa anakanda nyama, huyu anaitikisa pingili yenyewe, na kasomea miaka, ana leseni ya jimbo. Mama akasema sawa, lakini asikuguse shingo. Nimeiandika hiyo.

Na kitu kingine kimenijia kwenye yale maongezi. Hapa wanasema mgongo wa chini, sisi tunasema kiuno, na kwetu mwanaume akisema anaumwa kiuno watu wanacheka wanawaza mengine. Nadhani hiyo nayo imetufanya madereva wengi tunyamaze mpaka mtu anashushwa kwenye gari amebebwa.

9 Februari

Mara ya 5. Nimerudi barabarani, safari fupi fupi tu, Davenport tunakoishi mpaka Des Moines na kurudi. Nimemuuliza daktari ule mlio ni nini, mimi miaka yote nikiamini ni mfupa umetoka mahali pake sasa unarudi. Kasema hapana, mfupa haukutoka. Kwenye kiungo kuna ute, nyuso mbili za kiungo zikivutwa zikaachana ghafla kunatokea uwazi wa gesi ndani ya ute ule. Mwaka 2015 watafiti wa Alberta, Kanada waliuona kabisa kwenye mashine ya MRI, mtu anavutwa kidole huku anapigwa picha. Kwa hiyo usipolia haimaanishi kazi haijafanyika, na ukilia haimaanishi kitu kimerudishwa. Nafuu yenyewe kaielezea kwamba kiungo kilichokakamaa kinapata kusogea, misuli iliyokuwa inalinda inalegea, na mishipa ya fahamu inapunguza kelele kwa muda. Kwa muda, kakazia hapo, na katika huo muda ndo unatakiwa ufanye mazoezi, yeye kazi yake ni kufungua dirisha tu.

Mazoezi ni 3, yanatokana na profesa Stuart McGill wa Waterloo, Kanada. Moja unalala chali goti moja limekunjwa, mikono chini ya kiuno, unainua kichwa na mabega kidogo tu kama sentimita chache. La pili unalalia ubavu unajiinua kwa kiwiko. La tatu unapiga magoti na mikono chini, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha kinyume chake. Sekunde 10 kila moja, unapumzika, unarudia. Dakika 12 zimekwisha.

17 Februari

Oswestry imeshuka mpaka asilimia 28. Daktari kasema tuendelee mara moja kwa wiki kwa wiki 4.

Nimebadilisha na vya kwenye gari. Pochi imetoka mfuko wa nyuma, imekaa miaka 20 chini ya tako la kulia na ninaumwa upande huo huo wa kulia. Kiti cha upepo nimekishusha mpaka magoti yakae chini kidogo ya nyonga, na nimekisogeza mbele nisiwe naunyoosha sana mguu wa klachi. Sheria hapa inataka upumzike dakika 30 ukishaendesha masaa 8, na jumla usizidi masaa 11, mimi nimejiwekea masaa 2, nasimama dakika 5 nazunguka trela, matairi na taa nakagua huko huko. Bosi hajasema kitu, lodi zinafika.

11 Machi

Ramadhani imeingia. Naswali kwenye kiti. Rukuu naweza, sijida siwezi, nikishuka nusu kiuno kinakaza nabaki katikati. Msikitini tuko watu watano kwenye viti, wanne ni wazee wa miaka 70 na zaidi, wa tano mimi. Mzee mmoja wa Kisomali kaniuliza kwa upole, ajali? Nikasema barabara, mzee wangu. Akaniombea dua.

Hili ndo nimeliandika kama lengo la mradi, nimelipigia mstari mara mbili. Sijida kwenye sakafu, Ramadhani ijayo.

10 Aprili

Idi. Kwenye kiti bado. Mara ya 10 kliniki ilikuwa wiki iliyopita, Oswestry asilimia 16, bima imesema basi. Imeandika kwamba hali imeshatengemaa na kinachoendelea kinahesabika ni matunzo, na matunzo hawalipi. Kumbe siyo bima yangu tu, hata Medicare, bima ya serikali ya wazee, inalipia kunyoosha uti wa mgongo pale mtu anapotarajiwa kupata nafuu, ikifika hatua ya kutunza tu inaacha. Kwa hiyo kuanzia sasa ni mfukoni, dola 45 kila mara.

Hapo nikamuuliza daktari waziwazi. Mimi sasa naumwa siku chache, kuna sababu gani ya kuja nikiwa mzima? Akanitolea utafiti wa Sweden uliochapishwa 2018. Wagonjwa 328 wa kairopraktiki, wote ni watu ambao kiuno kinawauma kinakwenda kinarudi, na wote walishapata nafuu nzuri kwenye matibabu ya mwanzo. Wakagawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likaambiwa njoo ukiumwa, kundi la pili likapangiwa miadi kabla maumivu hayajarudi. Mwaka mzima kila wiki wanatumiwa meseji kwenye simu, swali moja, siku ngapi kati ya hizi 7 mgongo umekusumbua. Mwisho wa wiki 52 kundi la miadi walikuwa na siku 12.8 pungufu za kusumbuliwa, na walikwenda kliniki mara 1.7 tu zaidi ya wenzao.

Nimeipenda hiyo karatasi kwa sababu haikuahidi muujiza. Siku 13 kwa mwaka. Kwa mtu wa ofisini labda ni kidogo. Kwangu siku 13 ni mizigo 13, na mzigo ukinikosa unaenda kwa mwingine. Na kanionyesha upande wa pili pia, walipochambua tena 2019 walionufaika hasa ni wale ambao maumivu yameshawaharibia maisha, huzuni, kazi na nyumbani, ila wale wanaoyamudu maumivu yao vizuri hawakupata faida hiyo. Daktari kaniuliza wewe uko kundi gani. Nikamwambia nilikuwa nalala kapetini naogopa nitawalisha nini watoto.

14 Aprili

Nimeanza kuhesabu kama wao. Kila Jumapili usiku najiuliza swali lile lile moja naandika namba. Siku mbaya nimeitafsiri hivi, siku ambayo mgongo umenizuia kufanya kitu au umenilazimisha nikifanye kwa namna nyingine. Kuuma uma kidogo asubuhi hakuhesabiki. Nimerudi nyuma nikajaza kwa kumbukumbu na risiti: Januari kuanzia tarehe 13 siku 15, Februari 16, Machi 11.

Vipimo vya maumivu vya 0 mpaka 10 nimeviacha. Leo 6 yangu siyo 6 ya mwezi uliopita, nikiwa na njaa ni 7, nikiongea na mama ni 3. Siku haidanganyi, umebeba au hukubeba.

19 Mei

Aprili siku 7, Mei hadi leo 4. Kliniki mara moja mwezi huu.

Natembea jioni kwenye daraja la I-74, lina njia ya waendao kwa miguu pembeni, unavuka Mississippi kutoka Bettendorf mpaka Moline unarudi. Huku mto unaelekea magharibi, na jua linazama upande huo huo. Mara nyingi naenda na jirani yangu Mkongo wa Uvira, anafanya kazi kiwanda cha nyama, kisu masaa 8 amesimama sehemu moja. Akaniuliza, "Mukubwa, ile dokta ya mugongo anaombaka makuta ngapi? Mimi naumiaka kila siku." Nikamwambia bei, na nikamwambia kabla ya pesa nijibu kwanza, mguu una ganzi? Akasimama darajani akasema ndiyo, mguu wote wa kushoto mpaka kidole gumba, miezi mitatu, na sasa akikanyaga unyayo unajipigapiga chini. Nikamwambia ndugu yangu usianzie kwa daktari wangu, anzia hospitali. Juma lililofuata nikampeleka mimi mwenyewe, nikasubiri naye, nikamtafsiria. Ana diski imebana mshipa. Wanamshughulikia.

16 Juni

Nimepita Brady Street na gari dogo, Salma akauliza jengo lile la kilimani ni la nini. Nimeishi mji huu miaka 8 na sikuwahi kumweleza mtoto. Ni chuo cha Palmer, kilianza 1897, na kairopraktiki yote ya dunia ilianzia hapa hapa Davenport, tarehe 18 Septemba 1895. Palmer mwenyewe, Daniel David, mzaliwa wa Kanada, alikuwa akitibu watu kwa kuwawekea mikono. Siku ile akamsukuma pingili ya mgongo Harvey Lillard, mtu mweusi aliyekuwa akisafisha jengo ambamo Palmer alikuwa na ofisi, aliyekuwa hasikii vizuri miaka mingi tangu alipojikunja kufanya kazi na kuhisi kitu kimeachia mgongoni. Palmer akatangaza kwamba masikio yamefunguka.

Salma ana miaka 12, akauliza mgongo na sikio vinahusiana wapi. Swali zuri na jibu langu lilikuwa hivi, mimi hiyo ya sikio siishiki, na ukikuta mtu anakuambia kunyoosha mgongo kunatibu pumu au sukari usimpe hela. Ninachokifuata mimi ni kiuno, na hicho kina ushahidi, chama cha madaktari wa tiba ya ndani hapa Marekani mwaka 2017 kiliandika mtu mwenye maumivu ya kiuno aanze na vitu kama joto, kukandwa, kunyooshwa uti wa mgongo na mazoezi kabla ya vidonge. Lakini namuwaza sana yule Lillard. Mtu wa kazi ngumu, amejikunja akaumia kazini, na jina lake ndo la kwanza kwenye historia yote hii. Ningependa Salma alijue.

Julai na Agosti

Nimeandika kidogo sana hapa. Julai siku mbaya 2 tu, nikaona nimepona, miadi ya tarehe 11 nikaifuta, ya Agosti nikaifuta tena, mazoezi nikawa nafanya Jumamosi tu. Agosti 4. Niliiona hiyo namba imepanda nikasema ni joto.

22 Septemba

Siku 10 mwezi huu tayari. Tarehe 12 nikiwa Nebraska naachanisha trela, ule mkono wa kuvutia kuachia kifungo ulikuwa umeganda na grisi chafu, nikauvuta kwa nguvu zote huku nimejipinda, nikasikia kile kile cha Januari. Nilirudi Davenport maili 300 na zaidi nikisimama kila nusu saa. Siku 2 kazi imenipita. Nimepita Iowa 80 pale Walcott, kituo cha malori kikubwa kuliko vyote duniani, kipo tangu 1964, humo ndani kuna daktari wa meno, kinyozi na wa kairopraktiki pia, nikatamani kuingia lakini nikaona bora mtu anayeujua mgongo wangu tangu mwanzo.

Daktari hakunilaumu. Aliomba daftari. Akaweka kidole kwenye Agosti, ile 4, akasema hapa ndo ulitakiwa uje, siyo Septemba. Kimya kikapita. Mimi mwenyewe niliiandika kwa mkono wangu nikaipita.

Watu wa yadi wananiambia mgongo ni kama lori, unapeleka sevisi. Nimewaza sana hiyo nikaona sikubaliani nayo. Lori ukiliacha haliponi lenyewe hata siku moja, mwili unapona, ndo maana sevisi ya lori inakwenda kwa maili na haibadiliki, lakini mgongo muda wa kurudi unaweza kuurefusha ukiwa na nguvu na kuufupisha ukilegea. Tatizo ni kujua lini, na hisia zangu zimenidanganya, nilihisi nimepona. Sasa kanuni ni hii na tumekubaliana na daktari: miadi kila wiki 5, wiki mbili mfululizo zikiwa na siku mbaya 2 au zaidi kila moja napiga simu siku hiyo hiyo ya Jumatatu, na miezi mitatu mfululizo ikiwa chini ya 2 tunarefusha tufike wiki 8. Namba ndo inapanga, mimi sipangi.

20 Oktoba

Shingo. Imekaza kwa kuangalia vioo, daktari kasema anaweza kuinyoosha kwa msukumo kama kiuno, ila lazima anieleze kwanza. Mara chache sana, lakini imeripotiwa, mshipa mkubwa wa damu shingoni unaweza kuchanika ukuta wake wa ndani, na hilo linaweza kuleta kiharusi. Na mtu mwenye maumivu mapya makali ya shingo na kichwa asiyoyazoea asiguswe kabisa, aende hospitali, manake mshipa unaweza kuwa umeshachanika na maumivu ndo dalili yake.

Nikamkumbuka mama. Nikasema shingo hapana. Daktari hakubishana hata kidogo, kaisogeza taratibu kwa viganja, huku na huku, bila msukumo, na kanifundisha kurudisha kidevu nyuma mara 10 kila ninaposimama. Imesaidia. Daktari anayepokea hapana kwa moyo mmoja ndo ninayemrudia kila wiki 5.

Oktoba siku 6, Novemba 3, Desemba 2.

5 Januari 2025

Hesabu ya mwaka. Siku mbaya 84, kati ya hizo 42 ni miezi mitatu ya mwanzo na 10 ni Septemba peke yake. Mahudhurio 18, kumi ya bima nikichangia dola 30 kila moja, manane ya mfukoni dola 45, jumla dola 660. Siku za kazi zilizopotea 11, tisa za Januari na mbili za Septemba. Ile kliniki ya kwanza mahudhurio 48 ya kulipia mbele yangekuwa zaidi ya mara nne ya pesa hii, na ningekuwa nimemaliza mwaka sijui hata sentensi moja ya mgongo wangu.

Mama Salma aliangalia kurasa akauliza, sasa kilichokuponya ni nini, mikono ya daktari, mazoezi, au pochi? Nikamwambia mama Salma vyote nilivifanya pamoja kwa hiyo siwezi kuvitenganisha. Ninachokiona kwenye daftari ni kwamba nikienda kliniki nafanya mazoezi, na nikiacha kliniki naacha na mazoezi, Julai na Agosti zinasema hivyo. Labda nusu ya ninachokilipia ni mtu wa kuniuliza baada ya wiki 5, umefanya? Na silioni kuwa jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023 liliweka mafundisho, mazoezi, kunyooshwa uti wa mgongo na kukandwa kwenye orodha moja, na likasema mikanda ya kiuno isitumike kama tiba ya kawaida. Mkanda wangu ulikuwa kabatini tangu 2021, nimeutoa.

1 Machi 2025

Ramadhani. Tarawehe ya kwanza usiku wa jana. Niliingia nikaona kile kiti changu pembeni ya nguzo nikakipita. Rakaa mbili za mwanzo nilishuka kwa woga, magoti kwanza, kiganja cha kulia, cha kushoto, alafu paji la uso. Kapeti ya msikiti wetu ni ya kijani na ina harufu ya sabuni ya unga, nilikuwa nimeisahau hiyo harufu, ukiwa kwenye kiti haikufikii. Rakaa 8, sijida 16. Kwenye ya 11 hivi kiuno kilikaza nikakaa kidogo zaidi kwenye kikao, kikaachia. Yule mzee wa Kisomali alikuwa safu ya nyuma kwenye kiti chake, tulipotoa salamu nikageuka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili hakusema kitu.

30 Machi

Jumapili, Idi, na ni siku ya kuhesabu. Januari siku 2, Februari 1, Machi 3. Nimeswali Idi chini. Jirani wa Uvira kaja kula pilau, bado yuko kwenye mazoezi ya hospitali, mguu unainuka sasa vizuri.

Wiki hii siku mbaya 1, Jumatano, nilibeba gunia la mchele la paundi 50 kutoka dukani begani upande mmoja badala ya kulikumbatia. Miadi ni tarehe 17 Aprili. Miezi mitatu bado haijatimia chini ya 2, kwa hiyo tunabaki wiki 5.